Maji yakipwa, fisi maji huja: niliyojifunza Shetland

Siku yangu ya mapumziko, nikitaka kwenda kutazama wanyama, kitu cha kwanza ninachokishika si darubini. Nashika jedwali la maji ya bandari ya Lerwick, kisha nasoma utabiri wa upepo. Nikishajua maji yatapwa saa ngapi na upepo utatoka upande gani, ndipo naamua niende pwani ya mashariki au ya magharibi, nianze kutembea kutoka wapi, na nijibanze nyuma ya mawe gani. Yanayobaki ni subira na nguo nzito.

Shetland ni visiwa kama 100 hivi, kaskazini ya Uskoti, kwenye latitudo ya 60. Vinavyokaliwa na watu havifiki 20, na wakazi wote kwa jumla ni karibu 23,000. Ukitoka Aberdeen unapanda meli jioni, unalala baharini, unashuka Lerwick asubuhi. Miti ni adimu. Kuna majani, kondoo, tope jeusi la mboji, na bahari. Popote utakaposimama hauko zaidi ya kilomita 5 kutoka kwenye maji ya chumvi. Mimi nililetwa huku na kazi ya kuwahudumia wazee. Nimezaliwa Pemba, baba yangu mvuvi, na nalitaja hilo mapema kwa sababu mengi niliyofanikiwa kuyaona huku nimeyaona kwa elimu ya baba.

Nina ndugu London na Leicester ambao kila nikiwatumia picha hunijibu kwamba kutazama ndege na kutembea maporini ni mambo ya Wazungu. Sikubaliani nao hata kidogo, na siku hizi nawaambia wazi. Baba alikuwa hasukumi ngarawa kabla hajatazama juu. Akiona buabua wamekusanyika mahali wanajirusha majini, alijua chini yao kuna jodari wanawafukuza dagaa, na huko ndiko alikoelekeza tanga. Vitwitwi wakianza kujazana kwenye tope la pwani, alijua mwaka umefika wapi. Hakuwa na kitabu cha ndege wala kofia ya rangi ya majani makavu, lakini kutazama alitazama maisha yake yote, kwa makini kuliko watalii wengi ninaopishana nao hapa. Wavuvi wa Shetland nao wana jicho hilohilo. Nimekaa na wazee huku wakanisimulia jinsi walivyokuwa wakitafuta samaki kwa kufuata ndege, nikawa naona kama namsikiliza mtu wa Wete.

Basi nianze na fisi maji, maana ndiye aliyenifundisha zaidi.

Fisi maji wa huku ni spishi ya Ulaya, yuleyule aliyemo kwenye mito ya bara, ila hapa anaishi kwa bahari. Shetland ni miongoni mwa mahali penye fisi maji wengi kabisa Ulaya kwa urefu wa pwani. Tena, jambo ambalo linawashangaza waliowahi kumtafuta kwingine, hapa anatoka mchana. Sababu yake ni chakula. Samaki wadogo wa kwenye mwani anaowapenda hutembea usiku, na mchana hujificha wametulia chini ya mawe na katikati ya mwani. Kwa fisi maji hiyo ndiyo saa ya kuwachomoa. Maji yakipwa, ule mwani unakuwa karibu na uso wa maji, hana haja ya kuzama kina kirefu, na kila mbizi inamgharimu nguvu kidogo. Ndiyo maana saa mbili kabla na saa mbili baada ya maji kupwa kabisa huwa nazithamini kuliko siku nzima iliyobaki.

Mtu wa Pemba halihitaji jedwali kumwambia kwamba mwezi ukiandama au ukipevuka kuna bamvua, na katikati yake kuna maji mafu. Tofauti ni ukubwa. Kwetu bamvua linaweza kushuka karibu mita 4, watu wakatembea mbali kwenda kwenye pweza; Lerwick hata siku ya bamvua hayashuki mita 2. Lakini mwani umeota hapohapo ukingoni, kwa hiyo ule upungufu mdogo unatosha kubadilisha kila kitu.

Kuhusu upepo, sheria yangu ni moja: unipige usoni. Fisi maji haoni mbali vizuri akiwa nchi kavu, ila pua yake haina mfano. Upepo ukitoka nyuma yangu ukaenda kwake, nimekwisha mkosa kabla sijamwona, wala sitajua kwamba alikuwapo. Kwa hiyo natembea nikiukabili, polepole, chini ya ukingo ili mwili wangu usijichore angani. Kila baada ya hatua kadhaa nasimama natafuta alama: kinyesi chenye miba ya samaki na maganda ya kaa juu ya kichuguu cha majani mabichi kupita ya jirani zake, au kidimbwi cha maji baridi karibu na pwani. Hicho kidimbwi ni muhimu sana. Chumvi ikimgandia kwenye manyoya, manyoya hayashiki tena hewa, na baridi inaingia mwilini, kwa hiyo lazima aoge maji matamu. Pwani isiyo na kijito wala kidimbwi siipotezei muda.

Akishaonekana, kazi inaanza. Kwanza unaona kitu cheusi majini, kichwa, kisha mgongo, kisha mkia unainuka na kuzama. Ukiuona mkia ndiyo ishara yake ya kupiga mbizi. Hukaa chini kwa sekunde 20 au 30. Katika sekunde hizo ndipo unaposogea, unainama na kukimbia mawe mawili matatu, halafu unaganda kabla hajaibuka. Akiibuka anatafuna huku anaelea; hao ni samaki wadogo, anawamaliza majini. Wewe usitikisike hata kama pua inawasha. Akizama, unasogea tena. Siku ya neema anakamata kitu kikubwa, kaa au samaki asiyeweza kumla akielea, naye analazimika kumleta nchi kavu. Kama umekaa mahali sahihi atatoka mbele yako, maji yanamchuruzika, na utasikia mifupa ikivunjika.

Mwaka mmoja mdogo wangu wa kiume alinijia kutoka London. Nikamketisha nyuma ya jabali, kwenye kisiwa cha Yell, mvua nyepesi inatupiga. Baada ya muda akaninong'oneza:

"Dada, sasa hapa tunangoja nini?"

"Tunangoja maji."

"Maji si hayo yamejaa tele?"

"Ndiyo. Ngoja yapungue. Kwani baba alikuwa anakwenda kwenye pweza saa ngapi?"

Akanyamaza. Maji yalipofika chini fisi maji jike akaja na watoto wawili wanaomfuata wanalia kama filimbi, na mdogo wangu alikaa pale mpaka vidole vyake havikuweza tena kufunga zipu ya koti. Tulipoondoka tulirudi nyuma kwa njia tuliyojia, bila kusimama wala kupiga kelele, hadi walipokuwa mbali. Hilo nalisisitiza kwa kila ninayemchukua. Mafanikio ni mnyama asijue kwamba ulikuwapo, aendelee na shughuli yake. Sheria ya huku nayo inamlinda: kumsumbua fisi maji, hasa kwenye pango lake, ni kosa. Lakini hata pasingekuwa na sheria, mama mwenye watoto anayekatishwa kuvua kwa ajili ya picha ni mama aliyenyimwa mlo.

Kuna ndege nataka kumtaja kabla ya wale maarufu. Mwishoni mwa Aprili na Mei, ukitembea kwenye miinuko ya majani na mboji, hasa kwenye visiwa vya Unst na Fetlar, utasikia filimbi za haraka, kama saba hivi, zimefuatana kwa sauti ile ile. Ni sululu, yule mdogo mwenye milia kichwani. Niliposikia mara ya kwanza nilisimama katikati ya njia, kwa sababu sauti hiyo naijua tangu utotoni, ni sauti ya tope la mikoko maji yakiwa yamepwa. Karibu sululu wote wa aina hii wanaozaliana Uingereza wanazaliana Shetland. Wakimaliza wanashuka Afrika Magharibi. Hao wa kwetu Pemba na Tanga wanatoka upande wa Urusi, kwa hiyo si haohao, ila ni taifa moja. Kule kwetu huwaona wakiwa wageni wanaokula tu. Hapa nimewaona wakicheza angani, wakipigania eneo, wakimfukuza kunguru anayenyemelea vifaranga. Nilikuwa nimejua nusu ya maisha ya ndege huyo. Nusu ya pili nimeijulia huku, na hicho ndicho kitu ninachowaambia ndugu zangu wakiniuliza nafaidika nini.

Fetlar hiyohiyo kuna ndege mwingine mdogo, mwepesi, anayeogelea akizunguka papo kwa papo kwenye ziwa la Funzie ili maji yamletee wadudu juu. Kwao jike ndiye mwenye rangi kali na dume ndiye anayeatamia mayai. Mwaka 2012 watafiti waliwafunga baadhi yao vifaa vidogo vya kurekodi safari, na mwaka uliofuata mmoja alirudi na kifaa chake. Kikaonyesha kwamba alivuka Atlantiki, akashuka kandokando ya Marekani, akakata Karibiani, akaenda kukaa Bahari ya Pasifiki upande wa Ekuado na Peru, kisha akarudi kwenye ziwa lilelile. Ndege mwenye uzito wa barua. Ukitaka kumwona, keti kwenye majani ukingoni utulie. Hana woga, na mara nyingi atakupitia karibu na miguu.

Kuhusu pafini, ndege wa baharini, sitakaa sana, maana kila mgeni anamjua kwa mdomo wake wa rangi. Nenda Sumburgh, ncha ya kusini, kwenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1821. Gari linafika karibu kabisa na juu, kwa hiyo hata wazee ninaowahudumia nimewahi kuwapeleka, wakakaa kando ya ukuta na blanketi magotini. Wapo kuanzia Aprili hadi mwanzo wa Agosti, na jioni ndiyo bora, wanaporudi kutoka baharini na kusimama nje ya mashimo yao. Usikanyage penye mashimo: yai ni moja tu kwa mwaka, na paa la shimo ni udongo mwembamba. Wanategemea vijisamaki vyembamba vya mchangani ambavyo vimepungua sana kadiri bahari inavyopata joto. Mwaka 2024 uvuvi wa samaki hao ulipigwa marufuku kwenye maji yote ya Uskoti na kwenye maji ya England ya Bahari ya Kaskazini. Mimi mtoto wa mvuvi najua marufuku ya uvuvi inavyouma nyumbani kwa mtu, na bado hii naiunga mkono, kwa sababu samaki wale walikuwa wakisagwa kuwa chakula cha mifugo na mafuta huku vifaranga vinakufa njaa mashimoni.

Hermaness ni habari nyingine. Iko ncha ya juu ya Unst, kisiwa cha kaskazini kabisa chenye watu katika Uingereza yote. Kufika huko unavuka vivuko viwili, kwanza kwenda Yell, kisha Unst. Kutoka maegesho unatembea kwenye njia ya mbao juu ya mboji hadi ukingo wa magenge, na hapo chini yako ni maelfu kwa maelfu ya ganeti, weupe, mbawa zenye ncha nyeusi zinazokaribia mita 2 kutoka ncha hadi ncha. Mbele yao umesimama mnara wa taa wa Muckle Flugga, uliojengwa juu ya mwamba katika miaka ya 1850. Kuanzia mwaka 1972, kwa miaka mingi, albatrosi mmoja wa nusu ya kusini ya dunia alikuwa anarudi kwenye magenge haya, akijenga tago lake katikati ya ganeti, bila mwenzake wa aina yake. Wenyeji wa umri mkubwa bado wanamzungumzia kama jirani aliyehama.

Njiani kabla ya magenge ndiko kwa bonxie. Hilo ni jina la wenyeji kwa ndege mkubwa wa kahawia, mporaji, anayemkaba ganeti angani hadi atapike samaki. Ukipita karibu na tago lake anakushukia kichwani kwa kasi. Dawa yake ni kubaki kwenye njia na kuinua fimbo juu ya kichwa, kwa sababu analenga sehemu iliyo juu kabisa. Mwaka 1831 walikuwa wamebaki jozi tatu tu Hermaness, kwa kuwindwa, na familia ya Edmondston yenye ardhi hiyo ikaamua kuwalinda. Kutoka hapo wakaongezeka hadi Uskoti ikawa na zaidi ya nusu ya bonxie wote duniani.

Kisha ikaja mafua ya ndege. Ilianza kuonekana kwa bonxie mwaka 2021, na mwaka 2022 ikawa balaa. Naandika hili kwa uzito kwa sababu nilikuwapo. Fukwe nilizokuwa nikitembea kutafuta fisi maji zilijaa ganeti waliokufa, mbawa zimetandazwa, wengine bado wanatikisa shingo. Bonxie walilala kwenye majani pembeni mwa vidimbwi, kwa sababu hupenda kukusanyika kuoga maji baridi, na inawezekana hapo ndipo walipoambukizana. Tuliambiwa tusiguse, tusilete mbwa, tutoe taarifa tu. Kisiwa cha Noss, penye magenge ya mita 181, kikafungwa kwa wageni. Hesabu iliyofanywa mwaka 2023 ilionyesha kwamba bonxie wa Uingereza wamepungua kwa asilimia 76, na ganeti kwa asilimia 25. Ndege niliyekuwa nikimwinulia fimbo ili asinipasue kichwa, sasa nikimwona mmoja tu anazunguka juu ya njia ile nafurahi kwa dhati. Nenda bado na fimbo. Lakini mkikuta ametulia na kifaranga, mpisheni njia haraka, kwa sababu kila kifaranga wa bonxie sasa ana thamani kubwa, na jozi zao hazilei zaidi ya wawili kwa mwaka.

Nyangumi wauaji nao wana elimu yao. Wanazunguka pwani wakitafuta sili, na wakati mwingine hupita mita chache tu kutoka kwenye mawe, hata ndani ya bandari ya Lerwick. Habari zinasambaa kwa simu: wameonekana mahali fulani, wanaelekea kusini. Hapo ndipo watu wengi wanawasha magari na kuanza kuwafukuzia. Nimejifunza kufanya kinyume. Naangalia ramani, nakadiria kasi yao, naenda kwenye rasi ya mbele kabisa, naegesha mahali pasipoziba njia (barabara nyingi ni za gari moja, na vile vijipenyo vya kupishania si maegesho), kisha nakaa. Halafu nawatazama sili badala ya kutazama bahari. Sili wakiwa wamejilaza wanapiga miayo, bado. Wakianza kujivuta juu ya mawe kwa haraka na kuinua vichwa wote upande mmoja, weka darubini upande huo. Siku bahari ikiwa imelala bila wimbi, pezi la dume utaliona kutoka mbali sana. Siku ya upepo, usihangaike; pumzika, au nenda kwa fisi maji upande uliokingwa.

Huenda nimefanya isikike rahisi, basi niseme na la hatari. Uskoti ina sheria ya mwaka 2003 inayompa kila mtu haki ya kutembea karibu popote, hata kwenye ardhi ya mwenye mifugo, mradi awe na adabu: ukifungua geti lifunge, kondoo wanapozaa pita mbali, mbwa afungwe kamba. Hakuna geti la hifadhi, hakuna kiingilio, hakuna askari wa kukwambia rudi kwenye gari. Kwa mtu aliyekulia Afrika Mashariki, ambako mbuga ni mahali unapolipa na kukaa ndani ya gari, uhuru huu ni mkubwa, na kwa kipato cha mhudumu wa wazee ni baraka. Ila uhuru huo unakuachia na usalama wako mwenyewe. Juu ya magenge hakuna uzio. Majani yaliyolowa huteleza kupita sakafu ya vigae, na upepo unaoweza kukutupa hauji na onyo. Mimi ukingoni naenda kwa kulala kifudifudi, na siku ya upepo mkali siendi kabisa. Ukungu ukiingia kutoka baharini unafunika kila kitu ghafla. Hapo kaa chini, kunywa chai, ungoje, usitafute njia ya mkato. Chupa yangu ya chai ya tangawizi haibaki nyumbani, hata Juni. Glavu pia, hata Juni. Na umwambie mtu unakwenda wapi na utarudi saa ngapi, kwa sababu mtandao wa simu unakatika nyuma ya kila kilima.

Sasa Mousa. Kama mtu ana usiku mmoja tu Shetland nitampeleka Mousa. Ni kisiwa kidogo kisicho na watu, boti inaondoka Sandwick usiku, kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Julai, kipindi ambacho jua linazama yapata saa nne na nusu usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi, na katikati yake mbingu haiwi nyeusi bali ya kijivu chenye mwanga. Pwani ya kisiwa kuna mnara wa mawe makavu, bila chokaa wala saruji, wenye urefu wa mita 13, uliojengwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Ndani ya kuta hizo, kati ya jiwe na jiwe, wanataga ndege wa baharini weusi wenye ukubwa wa mbayuwayu, petreli. Kisiwa kizima kina jozi kama 11,000. Uzito wa mmoja ni kama gramu 25, na majira ya baridi ya huku wanakuwa baharini nje ya Afrika Kusini na Namibia.

Mchana hutamwona hata mmoja. Mmoja wa jozi yuko ndani ya ukuta juu ya yai, mwenzake yuko mbali baharini, wakipokezana kila baada ya siku kadhaa. Akija mchana, shakwe na bonxie watamla, kwa hiyo hungoja giza. Tulitembea kwa kutumia tochi nyekundu, kwa sababu mwanga mweupe na mwanga wa kamera unawapoteza njia. Ukiweka sikio kwenye ukuta unasikia mngurumo laini mrefu unaokatika kwa kikwikwi, kutoka jiwe hili, na lile, na lile. Kisha wanaanza kuja. Wanapita mbele ya uso karibu kukugusa, wanazunguka mnara kama popo, kila mmoja anatafuta ufa wake mmoja katika maelfu ya nyufa, anaupata, anaingia. Mama mmoja wa makamo kutoka Uskoti aliyekuwa kando yangu alinishika mkono bila kunijua, nami nikamshika wake.

Nilifikiria sana njia ile ya ndege wa gramu 25, kutoka ncha ya kusini ya bara letu hadi kwenye ufa wa jiwe la latitudo ya 60, na kwamba katika bahari yote hiyo hakuna anayemwongoza. Baba alivuka kutoka Pemba kwenda Tanga kwa nyota na kwa mwelekeo wa mawimbi, na nilimwona kuwa mtu wa ajabu.

Kwa anayetaka kwenda: weka nafasi ya boti ya Mousa mapema, na usiiweke usiku wako wa mwisho, kwa sababu upepo unaweza kuiahirisha. Chagua usiku wa mawingu kama unaweza. Mbalamwezi ikiwa kali ndege wanachelewa na wanakuja wachache. Vaa nguo za matabaka, koti lisilopitisha maji, viatu vya kushika kifundo cha mguu. Darubini ya kawaida inatosha, na kama huna, nitafute kwa watu wa jamii yetu hapa Lerwick, hatuko wengi. Nina ya ziada, na chai itakuwapo.